Édouard Lucas: Mwalimu aliyeipima namba ya tarakimu 39 kwa mkono

NI zaidi ya miaka 130 tangu Mfaransa Édouard Lucas afariki dunia, lakini hadi leo kompyuta zinazosaka namba tasa kubwa hufuata njia aliyoifungua yeye kwa kalamu na karatasi.

Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kuipima 31 ni kazi ya dakika moja. Kuipima namba ya tarakimu 39 kwa kujaribu kigawanyo kimoja kimoja, umri wa binadamu hautoshi.

Lucas alizaliwa Amiens Aprili 4, 1842. Alisoma École Normale Supérieure, akafanya kazi katika kituo cha kuchunguza nyota cha Paris, kisha akawa ofisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870-71. Baada ya vita akashika chaki, akifundisha sekondari Moulins na hatimaye Paris.

Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne alikuwa ameorodhesha namba alizoamini ni tasa. Mfano wake ni huu: mbili tano zikizidishwa pamoja ni 32, ukitoa 1 inabaki 31. Mwaka 1876 Lucas alitoa hukumu mbili. Ya mbili 127 ni tasa. Ya mbili 67 si tasa, na Mersenne alikosea. Ajabu ni kwamba hakuwa na kigawanyo hata kimoja cha kuonyesha. Vigawanyo hivyo, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilipatikana mwaka 1903 kwa juhudi za Mmarekani Frank Nelson Cole.

Njia yake, iliyorahisishwa baadaye na Mmarekani Derrick Henry Lehmer, mwanafunzi wa Dodoma anaweza kuifanya daftarini. Kwa 31, anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2: ni 14. Rudia: ni 194, ambayo ikigawanywa kwa 31 hubakiza 8. Rudia tena: ni 62, na baki ni sifuri. Sifuri katika hatua hiyo ya mwisho ndiyo ushahidi kwamba 31 ni tasa.

Lucas hakuzeeka. Mwaka 1891, katika karamu ya mkutano wa wanasayansi, sahani ilianguka na kigae chake kikamkata shavuni. Jeraha lilipata maambukizi, naye akafariki Oktoba 3 akiwa na miaka 49.

Namba yake ya tarakimu 39 iliongoza kwa ukubwa hadi mwaka 1951. Iliyotangazwa Oktoba 2024, na kuthibitishwa kwa njia hiyo hiyo, ina tarakimu 41,024,320. Ikiandikwa tarakimu moja kila sentimita kuanzia Dodoma kuelekea Dar es Salaam, mstari wake wa kilomita 410 ungeipita Morogoro na kuingia Mkoa wa Pwani.