Spokes Mashiyane, Mpiga Filimbi ya Bati

Watu wakitaja muziki wa Afrika ya Kusini hutaja kwanza Miriam Makeba na Hugh Masekela, nao wana haki yao, maana majina hayo yamezunguka dunia nzima. Lakini kabla ya hao kujulikana ng'ambo, palikuwa na filimbi. Haikuwa tarumbeta wala chombo cha fahari, bali kijiti cha bati chenye matundu sita, kilichouzwa madukani pamoja na vitu vya kuchezea watoto. Kijana aliyekitia kijiti hicho katika santuri, hata makampuni ya wazungu yakagombania pumzi yake, ni Johannes Mashiyane, ambaye wenzake walimwita Spokes. Nataka kuwapa wasomaji wetu habari zake, na hasa habari ya malipo yake, kwani hapo ndipo penye jambo.

Alizaliwa mwaka 1933 upande wa Pretoria. Alipokuwa mtoto alichunga ng'ombe wa baba yake, akapiga filimbi ya tete kama wafanyavyo wachungaji mahali pengi Afrika. Alipokuwa kijana akaenda Johannesburg kutafuta kazi, akapata kazi za nyumbani kwa wazungu. Wakati huo chama cha Makaburu kilikuwa kimekwisha kushika serikali tangu mwaka 1948, na sheria za ubaguzi zilikuwa zikitungwa moja baada ya nyingine. Mwafrika hakuweza kutembea mjini bila pasi mfukoni. Tete la uchungani halikupatikana mjini, lakini filimbi ya bati ilipatikana kwa senti chache.

Filimbi hiyo ilikuwa na historia yake kabla ya Spokes. Watoto wa mitaa ya Waafrika walikuwa wakiwaiga askari wa Kiskoti, wakipanga mistari na kupiga filimbi barabarani. Kisha mwaka 1951 ikatoka filamu iliyoitwa The Magic Garden, na ndani yake alionekana kijana wa Alexandra, Willard Cele, akipiga filimbi kwa namna mpya. Hakuishika wima mbele ya midomo kama alivyokusudia fundi aliyeitengeneza. Aliigeuza upande, akaisukuma ndani zaidi ya mdomo, hata tundu la sauti likazibwa nusu. Kwa kufanya hivyo sauti ikawa nene, na mpigaji akaweza kuikunja noti, kuishusha na kuipandisha kidogo kidogo, kama mwimbaji afanyavyo kwa koo lake. Mwanafunzi yeyote mwenye filimbi na ajaribu, ataona mara moja tofauti yake, na jirani zake wataiona pia. Cele alifariki upesi, kabla hajafaidi sifa yake.

Spokes alikuwa akipiga pamoja na rafiki yake mpiga gitaa, France Pilane. Siku zao za mapumziko walikwenda Zoo Lake, bustani yenye ziwa katika mitaa ya wazungu, ambako watumishi wa nyumba za jirani walikutana. Huko ndiko alikowasikia Strike Vilakazi, mwanamuziki aliyekuwa akiitafutia kampuni ya Trutone wapigaji wapya. Huyu Vilakazi ndiye aliyetunga baadaye ule wimbo wa Meadowlands, juu ya watu wa Sophiatown waliohamishwa kwa nguvu tangu mwaka 1955. Aliwachukua vijana wale wawili, na mwaka 1954 ikatoka sahani yenye Ace Blues upande mmoja na Kwela Spokes upande wa pili. Filimbi moja na gitaa moja, basi. Ace Blues ikauzwa kuliko sahani zote za Waafrika mwaka ule, na tangu hapo kila kampuni ikatuma watu barabarani kutafuta watoto wenye filimbi.

Neno kwela lisiwe geni kwetu tusemao Kiswahili. Kwa Kizulu na Kixhosa maana yake ni kupanda, nalo ni ndugu wa neno letu kukwea, kama mtu akweavyo mnazi. Polisi walipokamata watu waliwaamuru wakwee garini, na karandinga lenyewe likaitwa kwela-kwela. Yasemekana muziki ulipata jina lake kwa sababu hiyo. Vijana walicheza kamari ya dadu pembeni mwa barabara, na mmoja wao aliwekwa kuwa mlinzi. Alipoliona gari la polisi linakuja, dadu zilifichwa na filimbi zikatolewa, na askari walipofika waliwakuta wapiga muziki wasio na hatia yoyote. Sahani ya Tom Hark ya mwaka 1956 inaanza kwa mchezo huo huo. Na mwaka 1957, nauli ya basi ilipopandishwa kutoka peni nne hadi peni tano, wakazi wa Alexandra waliamua kwenda mjini kwa miguu, maili nyingi asubuhi na maili nyingi jioni, na neno la mgomo wao lilikuwa azikwelwa, yaani mabasi hayakwewi. Asiyejua Kizulu hata kidogo anaweza kulifahamu akilisikia vizuri.

Sasa tuje kwenye fedha. Desturi ya makampuni ya santuri ilikuwa hivi. Mpigaji aliitwa, akapiga, akapewa ujira wake mara moja mkononi, akatia sahihi, akaenda zake. Sahani ikiuzwa mia au ikiuzwa laki, kwake yeye ilikuwa mamoja, kwa kuwa haki yote ya wimbo ilibaki kwa kampuni. Hapakuwa na chama cha kumtetea, maana sheria ya nchi ile haikumruhusu Mwafrika kujiunga na chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa. Solomon Linda, aliyeimba Mbube mwaka 1939, aliuuza wimbo huo kwa kampuni ya Gallo kwa shilingi 10. Wimbo ulikwenda Marekani, ukageuzwa maneno, ukaingiza mali nyingi sana, na Linda akafa maskini mwaka 1962. Wapigaji wa Tom Hark nao hawakupata nafuu. Sahani yao ilifika nafasi ya pili katika mauzo ya Uingereza mwaka 1958, lakini jina lililoandikwa kuwa la mtunzi lilikuwa la Rupert Bopape, msimamizi wao studioni. Jack Lerole, aliyekuwa kiongozi wa filimbi zile, hakutajirika kwa wimbo huo.

Spokes alianza katika njia hiyo hiyo. Kwa miaka minne pumzi yake iliipatia Trutone faida kubwa, naye akilipwa kama kibarua. Alipiga hata na mgeni kutoka Marekani, mpiga piano Claude Williamson, wakatoa wimbo uitwao Kwela Claude. Mwaka 1958 ikatolewa sahani kubwa yenye nyimbo zake peke yake, King Kwela, na hilo likawa jina lake kwa watu. Lakini mfalme huyu hakuwa na fungu katika hazina yake mwenyewe.

Mwaka huo huo alihama. Gallo, kampuni kubwa kupita zote nchini, ile ile iliyonunua wimbo wa Linda kwa shilingi 10, ilimtaka, naye hakukubali kwenda kwa ujira wa mara moja. Alipewa mrabaha, yaani sehemu ya fedha kwa kila sahani itakayouzwa. Alikuwa miongoni mwa wanamuziki weusi wa kwanza wa nchi ile kulipwa kwa mapatano ya namna hiyo. Mimi sioni kwamba Gallo walifanya hivyo kwa huruma. Walifanya hivyo kwa sababu mtu huyo alikuwa mmoja tu, na kama wasingempa wao, yule mwingine angeendelea kumvuna. Wapigaji wengine wengi waliendelea na malipo ya zamani kwa miaka mingi, na wengi wao wamekufa bila kujua nyimbo zao ziliuzwa sahani ngapi. Hata hivyo mlango ulikwisha kufunguliwa, na aliyeufungua alikuwa mchunga ng'ombe wa zamani, tena ilikuwa miaka miwili kabla ya mauaji ya Sharpeville, wakati ambapo mtu mweusi wa Johannesburg hakutazamiwa kujadiliana na mzungu juu ya jambo lolote.

Katika mwaka huo mmoja alifanya na jambo jingine, nalo ni la ajabu. Aliweka filimbi chini akashika saksafoni, akapiga Big Joe Special. Sahani hiyo ilifanya kwa saksafoni kile ambacho Ace Blues ilikuwa imefanya kwa filimbi: kila kijana aliyetaka jina akatafuta saksafoni. Sauti yake ilijaza ukumbi wa dansi, na filimbi haikuweza kushindana nayo. Miaka michache baadaye kwela ilikuwa imefifia. Hivyo naweza kusema kwamba aliyeitawaza filimbi ndiye aliyeizika. Wengine wamemlaumu kwa hilo, lakini mtu anayeishi kwa muziki hula kwa kile ambacho watu wanacheza jioni ile, siyo kwa kile walichocheza mwaka uliopita.

Baada ya mwaka 1960 mambo yakazidi kuwa magumu. Wanamuziki wengi waliondoka. Kundi la mchezo wa King Kong lilikwenda London mwaka 1961, akiwamo mpiga filimbi kijana Lemmy Mabaso, na baadhi yao hawakurudi. Spokes alibaki nyumbani. Alitoka mara moja ya kukumbukwa, mwaka 1965, alipoalikwa kwenye tamasha la Newport huko Marekani, na huko alisimama mbele ya maelfu ya watu na filimbi yake ya bati, kama alivyosimama zamani kando ya ziwa siku za mapumziko. Alifariki mwaka 1972, umri wake miaka 39 tu.

Sauti aliyoianzisha haikukoma naye. Kutokana na saksafoni yake ulitokea mtindo wa mbaqanga, na mmoja wa mabingwa wa mtindo huo, West Nkosi, alianza maisha yake kama mtoto wa filimbi barabarani. Mwisho wa miaka ya 1960 vijana wa mijini walipenda soul ya Kimarekani, kisha funk, na vikundi kama The Movers na Harari vikatawala sahani za miaka ya 1970. Lakini ukisikiliza vizuri gitaa zao, ule mzunguko mfupi wa kwela unaorudi na kurudi umo bado. Ama filimbi yenyewe, ilipata makao mapya Malawi, ambako sahani na vibarua waliorejea kutoka migodi ya kusini waliifikisha mapema. Huko Donald Kachamba wa Blantyre, aliyeanza utotoni pamoja na kaka yake Daniel, aliendelea kuipiga mpaka alipofariki mwaka 2001, ameigeuza upande mdomoni, tundu limezibwa nusu.