Édouard Empain: mtoto wa mwalimu aliyejenga reli ya Maniema na Tanganyika

Ile reli inayounganisha Kindu, Kongolo, Kabalo na Kalemie ilianza na kampuni ya Mbelgiji mmoja, Édouard Empain. Huyo huyo njo aliyewapa wakaaji wa Paris treni ya chini ya ardhi.

Empain alizaliwa mwaka 1852 huko Belœil, Ubelgiji. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na nyumbani hakukuwa na utajiri. Alianza kazi kama mchoraji wa mipango kwenye kampuni ya vyuma. Humo akaona jambo moja: wafanyakazi walikaa mbali na viwanda, na kila siku walitembea kwa miguu. Akaanza kujenga reli ndogo za kuwapeleka kazini na kuwarudisha, kwanza upande wa Liège. Mwaka 1881 akafungua benki yake, ili pesa za kujengea reli zisikose.

Paris njo palipomtangaza. Mji ulichimba njia za chini kwa pesa zake, na kampuni ya Empain ikaweka vyuma, umeme na mabehewa. Laini ya kwanza ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1900.

Mwaka 1902 akaunda kampuni ya reli ya Kongo ya juu, iliyoitwa CFL, kwa mapatano na dola la mfalme Leopold wa Pili. Kazi ilikuwa kuzunguka maporomoko ya mto Lualaba: pale maji yanapokubali, watu na mizigo wapande mashua; pale yanapokataa, wapande treni. Kipande cha Kisangani mpaka Ubundu, kilometa 125 hivi, kilifunguliwa mwaka 1906. Kikafuata cha Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355. Mwaka 1915 treni kutoka Kabalo ikafika Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati huo, kwenye ziwa Tanganyika. Vita ilikuwa imekwisha kuanza, na reli ikabeba askari na silaha.

Lakini reli hiyo haikuwa ya bure. Kampuni ilipewa mamilioni ya hekta za ardhi pamoja na haki za madini, na wenye ile ardhi hawakuulizwa. Waliokata msitu, waliobeba vyuma na mawe, walikuwa wana-inchi, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu. Jina la Empain liko vitabuni. Majina yao hayako.

Huko Misri alitumia akili ile ile ya reli na ardhi. Mwaka 1905, pamoja na Boghos Nubar Pasha, alipata jangwa karibu na Cairo kwa bei ndogo sana. Akajenga mji mpya wa Heliopolis, na treni ya umeme ya kupeleka watu Cairo kila siku. Treni ilipofika, mchanga ule ukawa viwanja vya bei kubwa. Mwaka 1907 mfalme akampa cheo cha baron.

Tofauti iko wazi. Paris na Cairo reli yake ilibeba kwanza watu: mfanyakazi, mwanafunzi, mama wa soko. Kwetu ilipangwa kwanza kwa mizigo ya kutoka, na mkaaji akapanda juu ya mpango wa wengine.

Empain alikufa mwaka 1929 huko Ubelgiji, na mwili wake ukapelekwa kuzikwa katika kanisa kubwa la Heliopolis. Reli ya CFL baadaye ikaingia mikononi mwa serikali, na leo iko chini ya SNCC. Wakaaji wa Kindu na Kalemie bado wanaingoja treni: ikikawia, chumvi na sabuni vinapanda bei sokoni, na mavuno ya mkulima yanaoza kando ya njia. Wenye kuitengeneza leo wana swali lile lile la mwaka 1902 la kujibu: reli hii ni ya kubeba nini kwanza, na ni ya nani?