Mtaalamu na Shabaha Yake

Makombora ya masafa marefu yamekuwa silaha kubwa ya vita vya zama hizi. Huruka mamia ya kilomita bila ya rubani, na husifiwa kwa kulenga jengo moja katika mji mzima. Sifa hizo zinatufanya tuyakumbuke leo maisha ya Wernher von Braun, kwani silaha hizi zilianzia kisiwani, na yeye alikuwa miongoni mwa wakunga wake.

Alizaliwa tarehe 23 Machi 1912 huko Wirsitz, mji uliokuwa wa Ujerumani na ambao sasa umo Poland. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila. Tangu ujana alitamani kuwafikisha binadamu mwezini, lakini fedha za majaribio alizipata jeshini. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 22, alipata shahada ya udaktari. Mwaka 1937 alijiunga na Chama cha Nazi, na mwaka 1940 na kikosi cha SS.

Makao ya kazi yake yalikuwa Peenemünde, katika kisiwa cha Usedom, Bahari ya Baltiki. Hapo jeshi la anga lilijaribu V-1, chombo chenye mabawa na injini kilichojiongoza chenyewe, ambacho ndicho babu wa makombora ya leo yarukayo kama ndege. Jirani yake, von Braun alitengeneza V-2, roketi iliyokwenda kasi kuliko sauti, ikibeba karibu tani moja ya baruti umbali wa kilomita 320. Ilifaulu kupaa tarehe 3 Oktoba 1942.

Baada ya Waingereza kukishambulia kisiwa hicho Agosti 1943, kazi ilihamishiwa katika mahandaki karibu na Nordhausen. Huko wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora walifanyishwa kazi kama watumwa. Kati ya wafungwa wapatao 60,000, takriban 20,000 walikufa, idadi inayowapita wote waliouawa na V-2. Von Braun aliyaona mahandaki hayo kwa macho yake. Barua yake ya Agosti 1944 yaonyesha kwamba alikwenda kambi ya Buchenwald kutafuta wafungwa wenye ujuzi.

Tarehe 8 Septemba 1944 V-2 ya kwanza iliangukia London. Roketi hizo ziliweza kukosea shabaha kwa kilomita kadhaa, hivyo ziliangukia majumba ya raia. Zilipokwisha kurushwa, watu wapatao 2,700 walikuwa wameuawa nchini Uingereza.

Mwaka 1945 alijisalimisha kwa Wamarekani, nao wakamchukua kwao pamoja na wenzake. Aliwatengenezea roketi ya Redstone, ambayo ilibeba silaha, kisha mwaka 1961 ikampaisha Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu. Unguja nayo ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango huo hadi kilipofungwa mwaka 1964. Mwaka 1969 roketi yake ya Saturn V iliwapeleka watu mwezini. Alifariki tarehe 16 Juni 1977, akiwa na heshima kubwa, na hakupata kushitakiwa kwa yaliyotendeka mahandakini.

Hatuyasemi haya ili kuidharau elimu yake, kwani ilikuwa adhimu. Tunayasema kwa sababu alikuwa mtumishi wa dola, kama walivyo wengi wasomao safu hii, na kwa sababu alijua kazi yake ilifanyika kwa mikono ya nani. Makombora ya leo yana shabaha nzuri kuliko ya V-2, lakini nyumba itakayopigwa bado huchaguliwa na mtu, na amri hupita katika meza za maofisa. Chombo hakiwezi kuuliza waliomo ndani ni akina nani. Wajibu wa kuuliza ni wa mwenye kutia sahihi, na tunaamini auliza kabla ya kuishika kalamu, si baada ya maiti kuhesabiwa.