Siti binti Saad: Mchuuzi wa vyungu aliyefungua soko la santuri Afrika Mashariki

Kabla hajawa mwimbaji, Siti binti Saad alikuwa mchuuzi. Mama yake alifinyanga vyungu katika kijiji cha Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, na binti akavitembeza kwa miguu huku akinadi. Ni biashara ngumu. Vyungu ni vizito, faida yake ni ndogo, na ukijikwaa mara moja mtaji wote uko chini, vigae vitupu. Inasimuliwa kwamba wanunuzi waliisikia sauti yake kabla ya kumwona, wakatoka nje kumsubiri.

Alizaliwa karibu mwaka 1880, baba yake akiwa na asili ya Unyamwezi na mama asili ya Uzigua. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa, nalo lilieleza wazi hali ya wazazi wake. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, yeye alikuwa msichana wa miaka kama 17. Sheria ilibadilika kwa siku moja, lakini fikra za watu hazikubadilika kwa kasi hiyo. Mtoto wa watumwa, tena mwanamke wa shamba asiyejua kusoma, alijulikana mahali pake.

Aliolewa, akapata mtoto, kisha akaachika. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, akaamua kuhamia mjini. Hapo ndipo maisha yake yanapomhusu kila mwanamke anayefikiria kubadili kazi wakati watu wanamwambia amechelewa. Hakwenda mjini kutafuta soko kubwa zaidi la vyungu. Alikwenda kujifunza.

Mwalimu wake alikuwa Ali Muhsin, mpiga udi wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1905. Alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, kupanga pumzi na kutamka Kiarabu. Siti alijifunza pia kusoma Kurani, na usomaji wake ukasifiwa sana. Semina za wanawake wajasiriamali katika miji yetu siku hizi huzungumzia zaidi mikopo na ujasiri. Siti ujasiri alikuwa nao tangu Fumba, na hakuna mkopo unaotajwa katika habari zake. Alichotafuta ni ujuzi ambao mtu mwingine alikuwa nao, akakubali kuanza kama mwanafunzi katika umri ambao wenzake walikuwa karibu kuitwa bibi.

Taarabu ya wakati huo ilikuwa muziki wa wakubwa. Ilikuwa imelelewa katika jumba la Sultani Barghash, ikiimbwa kwa Kiarabu na kupigwa na wanaume. Wasikilizaji wengi mjini hawakuelewa maneno yake. Siti na wenzake, wakiwamo Maalim Shaaban, Mbaruk Talsam na Subeti Ambar, waliiimba kwa Kiswahili. Nyumbani kwake Ng'ambo, ng'ambo ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na makazi ya waliokuwa watumwa na wahamiaji kutoka bara, watu walikusanyika usiku kusikiliza habari za mitaa yao wenyewe zikigeuzwa nyimbo. Siku nyingine kundi hilo hilo lilialikwa kwa matajiri na kwa Sultani. Mchuuzi aliyezoea kupita mlango hadi mlango alijua kwamba mteja wa kila mlango ana lugha yake.

Jina la Mtumwa nalo likaachwa nyuma. Akaitwa Siti, jina la heshima kwa mwanamke, na hilo ndilo lililobaki.

Machi 1928, kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilimchukua yeye na kundi lake hadi Bombay, India, kurekodi. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingia katika santuri. Upande mmoja wa sahani za wakati huo ulibeba dakika 3 hivi, wakati wimbo wa taarabu uliweza kwenda muda mrefu kadiri wasikilizaji walivyopenda. Kuukata bila kuuua ni kazi ya fundi. Santuri zilipofika zilinunuliwa kwa maelfu, na kampuni ya Columbia nayo ikamrekodi mwaka 1930. Wasiokuwa na gramafoni walizisikiliza katika mikahawa, kikombe cha kahawa mkononi. Zilivuka hadi Tanganyika na Kenya, na kwa wasikilizaji wengi ilikuwa mara ya kwanza kusikia mashine ikisema Kiswahili.

Fedha zilikwenda wapi? Kwa desturi ya biashara hiyo, sahani ilikuwa mali ya kampuni, na kampuni ndiyo iliyopanga bei. Mwimbaji aliuza sauti, mwenye mashine akauza nakala. Wasanii wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaolalamikia mirabaha leo watauelewa mpango huo bila kufafanuliwa.

Mafanikio hayakumnyamazia mtu. Wapinzani wake walimtungia mafumbo, wakaucheka uso wake na asili yake. Siti alijibu kwa nyimbo, akaendelea na kazi. Sioni kwamba alijaribu kuficha alikotoka. Wanawake wa Ng'ambo waliompenda walikuwa wa asili hiyo hiyo, na nyimbo zake zilibeba malalamiko yao.

Wimbo unaojulikana kuliko yote ni Kijiti. Unahusu tukio la kweli: mwanamke kutoka Dar es Salaam alikwenda Zanzibar kutembea, akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti, naye muuaji akakimbilia bara. Mahakamani, wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu ndio walioadhibiwa, kwa kosa la pombe. Katika Zanzibar iliyokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, mwanamke kuimba hukumu ya mahakama hadharani, kwa majina, halikuwa jambo dogo. Alikuwa na riziki ya kupoteza, na wateja wake wengine walikaa upande wa hakimu. Aliuimba hata hivyo, na santuri ikaupeleka wimbo ng'ambo ya bahari alikokimbilia mtuhumiwa.

Siti alifariki Julai 1950. Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa Tanganyika, aliandika wasifu wake, heshima ambayo wanawake wachache wa zama hizo waliipata. Miaka ya 1980 ilipokuwa ukingoni, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilianzisha jarida la kutetea haki za wanawake na kuliita Sauti ya Siti.

Kijiti nao haukuzikwa na mwimbaji wake. Bi Kidude, aliyekua akimsikiliza Siti, aliendelea kuuimba katika majukwaa ya Zanzibar na Ulaya akiwa bibi kizee, hadi karibu na kifo chake mwaka 2013.