John Bonham: Mbabe wa dramu anayefundisha kuwa toazi la kudumu si lazima liwe zito

Kwenye kaburi moja kijijini Rushock, katikati ya Uingereza, mashabiki hawaachi maua tu. Wanaacha vijiti vya dramu na matoazi, yale mabamba ya mviringo yanayolia "chaaa" mpigaji akiyatandika.

Aliyelala hapo ni John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin. Alifariki Septemba 25, 1980, akiwa na miaka 32 tu.

Zaidi ya miaka 40 imepita, lakini vijana wa hevi metali wakitafuta toazi lisilopasuka, jina lake bado linatajwa. Maisha yake yanajibu swali ambalo wengi wanalikosea: ukitaka toazi la kudumu, ununue zito kuliko yote?

Alianza na makopo

Bonham alizaliwa Mei 31, 1948 Redditch, mji ulio kusini mwa Birmingham. Akiwa na miaka mitano tu alishaanza kupiga makopo na vyombo vya nyumbani.

Alipofika miaka 10, mama yake, Joan, alimpa sneya, ile ngoma ndogo inayokaa katikati ya mapaja ya mpigaji. Baba yake, Jack, ambaye alikuwa fundi ujenzi, akamletea seti kamili ya kampuni ya Premier alipotimiza miaka 15.

Hakusomea dramu popote. Alisikiliza, akaiga, akapiga. Alipomaliza shule akawa anafanya kazi za ujenzi na baba yake mchana, usiku yuko kwenye bendi za mtaani.

Tatizo lilikuwa moja: kelele. Jamaa alipiga kwa nguvu mpaka wenye kumbi wakachoka naye. Ngozi za ngoma zilipasuka, na baadhi ya bendi zilikosa kazi kwa sababu yake.

Mke, karavani na ahadi iliyovunjwa

Alimuoa Pat Phillips akiwa bado kijana mdogo. Maisha yalibana kwelikweli. Wakaanza kuishi kwenye karavani, ile nyumba ndogo ya kukokotwa na gari. Mtoto wao Jason akazaliwa Julai 1966.

Bonham alikuwa amemuahidi mkewe kwamba wakioana ataachana na dramu. Hakuweza. Kila akirudi kwenye ujenzi, ngoma zinamwita.

Mwaka 1968 mambo yakaanza kukaa sawa. Akapata kibarua cha kumpigia mwimbaji wa Marekani, Tim Rose, chenye malipo ya uhakika. Hapo ndipo mpiga gitaa Jimmy Page alipomuona jukwaani kaskazini mwa London, akajua huyu ndiye.

Bonham akasita. Ana familia, ana mshahara, halafu aende kwenye bendi ambayo haijaanza? Wakamwandama kwa telegramu. Meneja Peter Grant peke yake inasemekana alituma kama 40, na rafiki yake wa zamani, Robert Plant, akaongeza nane. Mwishowe akakubali, na Led Zeppelin ikazaliwa.

Ngoma kubwa, matoazi ya Uswisi

Desemba 1968 bendi ilikwenda Marekani na kucheza pamoja na Vanilla Fudge. Mpiga dramu wa kundi hilo, Carmine Appice, akamsaidia kupata ngoma za Ludwig. Bonham alichagua kubwa: ngoma yake ya kupigwa kwa mguu ilikuwa na upana wa inchi 26, wakati wengi walitumia inchi 22.

Nyumbani nako palikuwa pamoto. Birmingham ilikuwa imetoa Black Sabbath, kundi linalohesabiwa mwanzo wa hevi metali. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa rafiki wa Bonham kiasi kwamba mwaka 1973 Bonham alikuwa msimamizi wa harusi yake.

Kwenye matoazi, Bonham alikwenda kwa Paiste, kampuni ya Uswisi. Alitumia aina ya Giant Beat, kisha ile ya 2002 iliyotoka mwaka 1971. Zote zinatengenezwa kwa shaba asilimia 92 na bati asilimia 8. Mchanganyiko huo unatoa sauti angavu inayopenya katikati ya magitaa ya umeme.

Seti yake haikuwa na matoazi kibao. Alikuwa na haihati, yale mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu. Alikuwa na raidi la inchi 24 la kubeba mdundo. Halafu krashi za inchi 16 na 18, zile za kupigia mkazo. Nyuma yake lilining'inia gongo kubwa.

Krashi zake zilikuwa za unene wa kati. Yaani mtu aliyeogopwa kwa nguvu zake hakwenda kuchukua bamba nene kama mfuniko wa sufuria la harusini.

Ngazi zilizotoa siri

Ukitaka kujua kwa nini, sikiliza "When the Levee Breaks", wimbo wa albamu ya nne ya Led Zeppelin iliyotoka Novemba 1971.

Dramu zake zilirekodiwa Headley Grange, jumba la zamani huko Hampshire. Seti iliwekwa ukumbini chini ya ngazi, na maikrofoni mbili zikatundikwa juu.

Hapo hakuna ujanja. Maikrofoni zikiwa mbali namna hiyo, fundi mitambo hawezi kupunguza matoazi na kuacha ngoma. Mpigaji ndiye anayesawazisha kwa mikono yake. Angeyatandika matoazi kwa hasira, yangefunika kila kitu.

Bonham aliweka uzito wake kwenye ngoma, matoazi akayapa kiasi kilichohitajika. Aliposifiwa kwa nguvu, wengi hawakuona kwamba alijua pia pa kuzipunguza.

Kwa nini krashi hupasuka?

Krashi hupigwa ukingoni, ndiyo maana huumia kuliko matoazi mengine. Ili lilie vizuri lazima lipinde na kuyumba. Ukilizuia lisiyumbe, nguvu yote inabaki pale pale kijiti kilipotua. Ufa unaanzia hapo.

Bamba nene halipindi kirahisi. Ili lifunguke unalazimika kulipiga zaidi, na ukilipiga zaidi unalichosha haraka. Jembamba mno nalo halihimili vishindo vya hevi metali. Kwa hiyo anayepiga kwa nguvu hufaidika zaidi na unene wa kati na upana mkubwa, inchi 18 hadi 20. Upana unaongeza sauti bila mkono kutumia nguvu nyingi.

Kabla ya kulaumu kampuni, angalia haya:

• Nati ya juu isikazwe. Toazi liachwe lipumue.

• Kijibomba cha plastiki na vipande vya sufu vya kwenye stendi visikosekane. Vikikosekana, chuma kinasagana na chuma na tundu la katikati linaliwa.

• Liinamishe kidogo kuelekea kwako. Likilala bapa, kijiti kinakata ukingo kama panga.

• Piga kwa kupitisha mkono pembeni, usipige kama unapasua kuni.

• Ukiona ufa mdogo, acha kulipiga upande huo. Mafundi hutoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee.

Usiku wa Windsor

Jukwaani alijua kiasi. Nje ya jukwaa, pombe ilimshinda.

Bonham hakupenda kuwa mbali na mkewe na watoto. Binti yake, Zoë, alikuwa amezaliwa mwaka 1975. Ziara zilikuwa ndefu, hofu ya safari ilimsumbua, na chupa ikawa ndiyo faraja.

Septemba 24, 1980 alichukuliwa nyumbani kwenda mazoezini kwa ajili ya ziara ya Amerika Kaskazini. Alianza vodka tangu kifungua kinywa, akaendelea siku nzima. Usiku wakaenda nyumbani kwa Page huko Windsor. Akalazwa, akalala.

Kesho yake wenzake walipokwenda kumwamsha, walimkuta amefariki. Uchunguzi ulibaini kwamba alipaliwa na matapishi akiwa usingizini, baada ya kunywa kiasi kinachokadiriwa kuwa vipimo 40 vya vodka. Kifo chake kikatajwa kuwa cha bahati mbaya.

Wengi walidhani atatafutwa mpigaji mwingine. Desemba 4, 1980 bendi ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea bila yeye.

Ilipokusanyika tena London kwa onyesho kamili, Desemba 10, 2007, kwenye kiti cha dramu alikaa Jason, yule mtoto aliyezaliwa wakati wazazi wake hawana kitu. Alikuwa na miaka 41, tisa zaidi ya ile aliyoishi baba yake.