Jerzy Różycki: Alianza kufumbua siri za jeshi akiwa na miaka 19

Mapema mwaka 1929, wanafunzi wapatao 20 wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Poznań, magharibi mwa Poland, waliitwa na profesa wao, Zdzisław Krygowski. Walitakiwa kuhudhuria kozi ya jioni, na wasimweleze mtu yeyote. Mmoja wao alikuwa Jerzy Różycki, kijana wa miaka 19.

Siku hizi vijana wengi wa umri huo, nyumbani na ughaibuni, wanatamani kazi ya kulinda mitandao ya kompyuta. Maisha ya Różycki yanawahusu sana, na yanawahusu pia wazazi na walimu wao.

Alizaliwa Julai 24, 1909 katika kijiji cha Olszana, ambacho leo kiko Ukraine. Baba yake alikuwa mfamasia. Alianza shule Kiev, familia ikahamia Poland mwaka 1918, na mwaka 1926 akamaliza sekondari katika mji wa Wyszków.

Poznań haikuchaguliwa kwa bahati. Mji huo ulikuwa chini ya Ujerumani hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo wanafunzi wengi walijua Kijerumani. Jeshi la Poland liliwaogopa majirani zake, na lilikuwa limetambua kwamba mashine mpya za siri za Wajerumani zilihitaji wanahisabati.

Wanafunzi hao walipewa ujumbe halisi wa Wajerumani waufumbue. Wengi walishindwa wakajitoa, lakini Różycki alibaki. Aliendelea na kazi hiyo ya siri huku akisoma chuoni, na mwaka 1932 akaajiriwa Warsaw pamoja na wenzake wawili, Marian Rejewski na Henryk Zygalski.

Desemba mwaka huo Rejewski aligundua kwa hesabu jinsi nyaya za ndani ya mashine ya Enigma zilivyounganishwa, akisaidiwa na nyaraka kutoka idara ya ujasusi ya Ufaransa. Kuanzia hapo kazi ikawa ya wote watatu: kila siku kutafuta jinsi Wajerumani walivyoipanga mashine yao.

Enigma ilikuwa na magurudumu matatu yaliyoweza kupangwa kwa namna sita. Różycki alibuni njia iliyoitwa 'saa'. Katika Kijerumani herufi kama E na N hutumika sana. Ukiandika ujumbe mmoja chini ya mwingine, herufi zinazofanana hukutana karibu mara mbili zaidi ya zile zilizochanganywa ovyo. Kama magurudumu yalikuwa katika nafasi moja, kukutana huko hubaki hata baada ya ujumbe kufichwa.

Kwa kuhesabu herufi hizo aliweza kukisia ni wapi gurudumu la kulia lilimsukuma jirani yake. Kila gurudumu lilisukuma katika herufi tofauti, hivyo mara nyingine aliweza kulitambua. Namna sita zikabaki mbili.

Wajerumani wenyewe walisaidia bila kujua. Askari wao walipenda kuchagua funguo rahisi kama AAA, sawa na mtu wa leo anayeweka neno la siri la 123456.

Julai 1939, vita ikiwa mlangoni, Wapolandi waliwaonyesha Waingereza na Wafaransa kila walichokijua, na kila upande ukapewa nakala ya Enigma. Kazi kubwa ya Waingereza huko Bletchley Park ilijengwa juu ya msingi huo.

Ujerumani ilivamia Poland Septemba 1, 1939. Różycki alikimbia kupitia Romania hadi Ufaransa. Mkewe na mtoto wao Janusz, mchanga wa miezi minne, walibaki Poland. Ufaransa nayo iliposhindwa mwaka 1940, aliendelea kufanya kazi kwa kujificha kusini mwa nchi hiyo, na kwa zamu huko Algeria.

Januari 9, 1942 alikuwa akirejea kutoka Algiers wakati meli ya Lamoricière ilipozama karibu na visiwa vya Balearic. Zaidi ya watu 200 walikufa, naye akiwamo. Alikuwa na miaka 32.

Mwaka 1964 Janusz alipata medali ya fedha na timu ya Poland katika mchezo wa vitara kwenye Olimpiki ya Tokyo. Wakati huo dunia haikujua baba yake alifanya nini, kwani siri ya Enigma ilitangazwa hadharani miaka ya 1970. Poland ilimtunuku Różycki nishani ya juu mwaka 2000, na mwaka 2007 mnara wa kuwakumbuka wote watatu ukazinduliwa Poznań.

Kijana huyu hakuvunja mlango wa mtu ili aonekane hodari. Alikuwa na hesabu, lugha na subira, na wakubwa wakamwamini kwa kazi ya kweli angali mwanafunzi. Vijana wetu wenye vipaji wapo. Tujiulize ni nani kati yetu anayewaita, kama Krygowski alivyowaita wale wa Poznań.