Edward Steere na Vivumishi vya Kiswahili

Katika mwaka wangu wa kwanza kitivoni niliandika watu mingi ndani ya insha, na kalamu nyekundu ikanirudishia watu wengi. Alama moja iliyopotea haikuniuma sana. Kilichoniuma ni neno kosa lililoandikwa pembeni. Kimanga, mtaa wa Uvira nilikokulia, mingi haigeuki: batu mingi, ndagala mingi, maneno mingi. Bibi yangu husema hivyo, na muuza samaki sokoni husema hivyo. Je, mji mzima hukosea kila siku kwa namna ileile? Swali hilo lilinirudisha nyuma hadi kwa mtu aliyeeleza upatanisho wa vivumishi vya Kiunguja katika kitabu kilichosomwa kuliko vyote vya zama zake. Jina lake ni Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akawa wakili, kisha akaiacha kazi hiyo na kuwa kasisi wa Kianglikana. Alikuwa na parokia ndogo ya mashambani, Little Steeping katika Lincolnshire, rafiki yake William Tozer alipoteuliwa kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Misheni hiyo ilikuwa katika hali mbaya. Kituo chake cha kwanza kilikuwa bara, upande wa mto Shire, na askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862. Steere akakubali kumsindikiza rafiki yake. Tozer aliamua kuihamishia misheni Unguja, na mwezi Agosti 1864 wawili hao wakashuka bandarini.

Johann Ludwig Krapf alikuwa ameshachapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, lakini yeye alikuwa amejifunza Mombasa. Kiunguja kilisubiri mtu wa kukisikiliza. Steere alikaa na watu wa mji, akaandika maneno yao, na baadaye akaandika hadithi walizomsimulia. Alikuwa pia na walimu wengine wasiotajwa sana: watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa na kukabidhiwa misheni. Wengi wao walitoka bara. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Walikiokota njiani na mjini, kama sisi wa ziwani tulivyokiokota kutoka kwa misafara. Steere hakuzidharau lugha walizokuja nazo. Alichapisha vijitabu kuhusu Kishambaa, Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde, na kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni vijana hao walijifunza kupanga herufi.

Mwaka 1870, akiwa amerudi Uingereza, alitoa vitabu viwili: mkusanyo wa hadithi za Unguja, na kitabu cha mwongozo wa lugha kilichokuja kupigwa chapa mara nyingi. Tuangalie sehemu ya vivumishi, maana hapo tabia yake ya kazi inaonekana vizuri.

Mtu aliyelelewa kwa Kilatini angeweza kudai kwamba kila kivumishi kipatane na nomino yake, na kisichopatana kina kasoro. Steere alitenga makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vivumishi vinavyochukua kiambishi cha ngeli: mtu mkubwa, kitu kikubwa, mawe makubwa. Aliona kwamba hata humo sauti hubadilika zikikutana, ndiyo maana -refu hutoa ndefu na -baya hutoa mbaya nomino ikiwa nyumba. Kundi la pili ni la maneno yasiyogeuka kamwe, hasa yaliyotoka Kiarabu: kitu rahisi, vitu rahisi, nyumba safi, maji safi. Hayo hakuyaita makosa. Aliyaorodhesha, akamwambia mwanafunzi ayaache yalivyo.

Aliona pia kwamba vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache, jambo ambalo leo tunafundishwa kuhusu lugha nyingi za Kibantu. Msemaji hanyamazi kwa sababu hiyo. Huunganisha nomino kwa -a na kupata mtu wa akili, hutumia -enye na kupata mtu mwenye nguvu, au hutumia kitenzi chenye kirejeshi na kupata chungu kilichovunjika. Sifa ipo, ila imebebwa na umbo lingine.

Mgawanyiko wa namna hii hauko kwetu peke yetu. Katika Kijapani, neno takai, lenye maana ya -refu au ghali, hubadilika lenyewe kama kitenzi, na likisemwa kwa wakati uliopita huwa takakatta. Lakini kirei, linaloeleza kitu kizuri au safi, halinyambuliki hivyo. Huhitaji na mbele ya nomino, na mwishoni mwa sentensi husaidiwa na kitenzi cha kuwa. Maneno mengi ya kundi hili la pili yana asili ya Kichina. Lugha mbili zisizo na undugu zimepokea wageni, na kila moja imewapa wageni hao sarufi tofauti na ile ya wenyeji. Hakuna mwalimu wa Kijapani anayesema kirei ni kosa kwa kuwa halifuati takai.

Steere alirudi Unguja mwaka 1872. Mwaka uliofuata soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na siku ya Krismasi ya 1873 jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa mahali hapo. Mwaka 1874 akawa askofu. Alitembea kwa miguu hadi nchi ya Wayao, na mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kwenda kukaa Masasi. Katikati ya safari hizo na ujenzi aliendelea kutafsiri Biblia na kusahihisha kurasa. Alikufa Unguja mwezi Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga.

Kitabu chake hakikufa. A. C. Madan alikirekebisha, na vizazi vya wageni vikajifunza humo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Sisemi Steere ndiye aliyeamua. Alikuwa kaburini kwa karibu nusu karne. Lakini lahaja iliyochaguliwa ilikuwa ile aliyokwisha kuieleza vizuri. Maelezo ya jinsi watu wa mji mmoja walivyosema yakasaidia kuwa sheria ya jinsi watu wote waandike.

Hapo narudi Uvira. Burton na Speke walipofika kwetu kwa mtumbwi mwaka 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa tayari wakifika. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kimesikika ukingoni mwa Tanganyika kabla Steere hajaiona Unguja. Kilikua huku bila yeye. Kinasema mutu mukubwa na batu bakubwa kwa upatanisho kamili, lakini mingi kimeiacha isigeuke, na muzuri nayo mara nyingi inafuata njia hiyohiyo. Huu ni mpangilio. Una kundi linalopatana na kundi lisilopatana, kama ule wa 1870, isipokuwa mpaka umepita mahali pengine.

Sidai kwamba mwalimu wangu aliyenisahihisha alikosea. Insha ya Kiswahili sanifu ina kanuni zake, na leo naandika watu wengi bila kusita. Ninalodai ni kwamba neno la pembeni lingeweza kuwa si sanifu badala ya kosa. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini kwa mtoto wa Kimanga ni tofauti kati ya kuwa na sarufi na kutokuwa nayo. Steere alipokutana na vivumishi visivyogeuka alikaa chini, akasikiliza, akavipanga kwenye orodha. Orodha ya vivumishi vya Uvira nimeanza kuiandika likizo iliyopita, barazani kwa bibi, na neno la kwanza juu ya ukurasa ni mingi.